Unga Mweupe Kwenye Kichwa cha Betri

Leo naomba tufungue boneti. Uwe na gari lako mwenyewe, uwe dereva wa daladala, uwe unaendesha bajaji, au uwe na betri moja tu ya sola iliyowekwa pembeni ya kitanda, maneno ya leo huenda yanakuhusu. Betri nyingi tunazozitumia kwenye kazi hizo ni za ukoo mmoja. Ndani mna sahani za risasi, na sahani hizo zimezama katika tindikali.

Tazama vile vichwa viwili vya betri, pale panapofungwa waya. Mara nyingi utakuta kimoja kimeota unga. Unga huo huwa mweupe, au una rangi ya buluu inayoelekea kijani, na pengine umepanda mpaka kwenye waya na kuifunika nati, hata spana haijui ishike wapi. Wengi wakiuona huufuta kwa kitambaa, au huugonga kwa bisibisi uanguke, kisha hufunga boneti na kuondoka. Fundi akiwa na haraka atakuambia, "Bosi, hiyo ni chumvi tu, haina neno."

Ina neno. Ule unga mweupe ni salfeti ya risasi. Ule wa buluu ni salfeti ya shaba, yaani shaba ya waya wako iliyokwisha kuliwa na tindikali. Ukiuona, ujue tindikali imeshatoka ndani ya betri na iko nje inafanya kazi. Kuugonga ni kutawanya sumu tu, na chanzo chake umekiacha palepale.

Kwanza tuielewe tindikali yenyewe. Ni asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri ikiwa imejaa chaji, kiasi cha asilimia 35 ya uzito wa mchanganyiko huo ni asidi. Sasa sikiliza hapa, kwa sababu madhara mengi yanaanzia hapa: maji hukauka, asidi haikauki. Tone likianguka kwenye bati, au kwenye shati la pamba, maji yake hupotea taratibu, na asidi inayobaki inazidi kuwa kali. Ndiyo maana shati la fundi huonekana zima jioni, na likifuliwa hutoka na matundu. Na ndiyo maana lile bati la kukalia betri hutoboka, ingawa mwenye gari anaapa kwamba kilichomwagika kilikuwa kidogo, tena zamani.

Tindikali hiyo inatokaje? Betri mpya ikiwa nzima haivuji. Mara nyingi ni sisi tunaoivujisha, na njia ya kwanza ni nyundo.

Kichwa cha betri kimetengenezwa kwa risasi, na risasi ni laini. Pale kinapopenya kwenye mfuniko wa plastiki pamezibwa ili tindikali isipande. Sasa kibano cha waya kikigoma kuingia, fundi hachukui muda kukitanua. Anakiweka juu na kukigonga mpaka kikae. Na siku ya kukitoa hukipinda huku na huku kwa bisibisi mpaka kiachie. Kila pigo na kila mpindo hulegeza ule mzibo wa chini. Hutaona ufa wowote, lakini baada ya muda unyevu wa tindikali unaanza kupanda kando ya risasi, unakutana na shaba, na unga unaota. Mwenye gari anasema betri siku hizi ni feki, kumbe betri ilipigwa siku ileile iliponunuliwa.

Pacha wa nyundo ni msumari. Betri ndogo zina vichwa vyembamba, na gari lililozoea betri yenye vichwa vinene lina vibano vipana. Ukinunua betri isiyolingana na gari lako, kibano kinacheza. Basi unakatwa msumari, au kipande cha kopo, unapachikwa katikati, mambo yanaonekana yamekwisha. Hayajaisha. Chuma cha msumari kinaliwa upesi, mshiko unalegea tena, umeme unapita kwa shida, na pale pembamba panapata joto na hata cheche. Ukitaka kulijua tatizo hili, liangalie gari ambalo asubuhi linapiga stata mara moja na mchana linakataa kabisa, kisha ukitikisa waya wa betri kwa mkono linawaka. Mwenye gari hilo atapelekwa kununua betri nyingine, na betri aliyonayo haina ubaya. Kinachotakiwa ni kibano cha saizi yake, au ile pete ya risasi ya kuvalisha kichwa chembamba, ambavyo madukani si ghali.

Njia nyingine ni chaji iliyozidi. Injini ikiwa inanguruma, altaneta ya gari la kawaida hutoa kama volti 13.8 hadi 14.5. Kile kifaa kinachodhibiti chaji kikiharibika, volti zinapanda kupita 15. Betri inachemka, maji yake yanageuka gesi, na gesi hiyo ikitoka hubeba matone madogo sana ya tindikali na kuyamwaga juu ya betri. Dalili zake ziko wazi: juu ya betri pana unyevu kila unapotazama, maji yanapungua kila baada ya muda mfupi, betri ina joto lisilo la kawaida, na wakati mwingine kuna harufu ya yai viza. Gari la namna hiyo ukilisafisha betri mara mia utakuwa unajichosha. Fundi umeme aweke mita kwenye vichwa vya betri huku injini ikizunguka, asome. Ni kazi ya dakika moja, na nashangaa ni gereji ngapi zinauza betri bila kuifanya.

Tena kuna kulegea. Barabara zetu za vumbi zina yale mawimbi ya kutetemesha gari, na betri isiyofungwa kwa mkanda wake inaruka pale ilipo siku nzima. Ganda linapata ufa, sahani za ndani zinapukutika. Kwenye pikipiki na bajaji zenye betri ya maji kuna mpira mwembamba wa kutolea gesi. Usipokuwepo, tindikali inatiririkia kwenye fremu na mnyororo. Ukiwepo lakini umebanwa na kiti, gesi inakosa njia ya kutokea. Dereva wa boda, nakuomba jioni uutafute mpira huo kwa mkono, uone unaishia wapi.

Naam, sasa usafishaji. Zima injini, toa ufunguo, na vua pete na saa ya mkononi. Vaa glavu za mpira na miwani. Kwenye magari mengi ya Kijapani spana namba 10 inatosha. Anza na waya hasi, ule wenye alama ya kutoa, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho kufungwa. Usibadilishe utaratibu huo. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza kufungua chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi tu, nguvu yote ya betri inapita kwenye spana hiyo. Cheche zinaruka, chuma kinashika moto, na kama hukuvua pete kidole chako kinaweza kuungua vibaya mno. Lakini hasi ikishatoka, hata spana ikigusa bodi haitokei kitu.

Kibano kikigoma, usikipige. Legeza nati vizuri, kitanue mdomo taratibu, kisha kinyanyue wima.

Dawa ya kuiua tindikali iko jikoni. Chukua kijiko kikubwa kimoja cha bikaboneti ya soda ukoroge kwenye kikombe kimoja cha maji. Si hamira, hiyo haina kazi hapa. Kama bikaboneti haipo, magadi yanafaa, yale tunayotia kwenye maharage na kisamvu, yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Ziwa Magadi kule Kenya. Hakikisha vifuniko vya betri vimebana, na vile vitundu vya hewa viwekee kitambaa kibichi, kwa maana dawa hii ikiingia ndani ya betri inakwenda kuiua tindikali tunayoihitaji. Kisha mwagia kidogo kidogo juu ya ule unga.

Hapo utaona kazi yenyewe kwa macho. Povu linainuka kama chai ya maziwa inayotaka kumwagika, linachemka kwa sauti ndogo, na ule unga unalainika. Povu hilo ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka pale magadi yanapokutana na asidi. Sugua kwa mswaki wa zamani, kuanzia kichwa cha betri, ndani ya kibano, na juu ya mfuniko, kwa sababu uchafu wenye unyevu juu ya betri hupitisha umeme kutoka kichwa kimoja kwenda kingine na kuimaliza chaji gari likiwa limelala. Mwagia tena. Povu likitoka bado kuna tindikali. Lisipotoka tena, imekufa. Shuka mpaka kwenye bati la chini, maana huko ndiko tindikali inakotuama na ndiko watu hawafiki. Suuza kwa maji safi, acha pakauke kabisa. Bati likiwa limeshaliwa, lipige msasa mpaka kutu iishe na ulipake rangi, la sivyo mwaka huu au ujao betri itakalia hewa.

Najua msikilizaji mmoja anasema, mimi humwagia maji ya moto, au soda ya chupa, na unga unatoka. Ni kweli unatoka. Maji ya moto huuyeyusha unga na kuuteremsha, lakini hayaiui tindikali. Unaiondoa juu na kuipeleka kwenye chasisi na kwenye nyaya. Soda ya chupa nayo ni asidi, tena ina sukari inayobaki inanata na kukusanya vumbi. Mtu anayeosha asidi kwa asidi hajasafisha. Kikombe cha magadi ni rahisi kuliko soda, na ndicho kinachofanya kazi.

Hapa niseme neno pembeni kwa ajili ya redio hiyohiyo unayonisikilizia. Betri ndogo za alkalini tunazotia kwenye redio, tochi na rimoti zikivuja hazitoi asidi, zinatoa kinyume chake. Hizo usizimwagie magadi. Futa kwa pamba yenye siki au ndimu kidogo, kisha pamba yenye maji kidogo, ukaushe.

Turudi kwenye gari. Vichwa na vibano vikishakauka, vikwangue kwa msasa laini mpaka ving'ae. Funga chanya, kisha hasi, vibane vizuri bila kukata roho ya nati. Baada ya kufunga, siyo kabla, paka juu yake mafuta ya mgando au grisi. Mafuta yanazuia hewa na unyevu kufika kwenye chuma, na hiyo ndiyo kinga. Sisi wa pwani, tunaoishi na upepo wa chumvi, tunaihitaji zaidi.

Maji ya betri. Hapa nitasema kwa mkazo, kwa sababu hapa ndipo betri nyingi zinapouawa. Kinachopotea kwenye betri siku hadi siku ni maji, si asidi. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa peke yake. Ukiongeza asidi unaikaza tindikali, sahani zinaliwa upesi, na vichwa vinaota unga zaidi. Dukani chupa za aina zote mbili hukaa rafu moja, soma kibandiko kabla hujalipa. Maji ya kisima yana chumvi, ya bomba yana madini, yote hayafai. Na usijaze mpaka mdomoni. Sahani zifunikwe kwa milimita 10 hadi 15, au maji yafike kwenye mstari wa juu uliochorwa ubavuni. Tindikali ikipata joto hutanuka, na iliyokosa nafasi hufurika nje. Mtu hujaza akiamini anaihudumia betri, na jioni inamtemea tindikali kwenye bati.

Zile betri zilizofungwa, ambazo mtaani huitwa betri kavu, msidhani hazina tindikali. Nyingi zina tindikali ya majimaji ileile, ila hazikuwekewa mfuniko wa kufungulia. Nazo hupigwa nyundo, nazo huvuja vichwani. Betri yoyote iliyopasuka ganda haina matengenezo. Kuipaka gundi ni kujidanganya.

Kuhusu hatari ya mlipuko nitasema machache ila yashikwe. Betri ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Usivute sigara wala kuwasha kibiriti ili uone kiwango cha maji. Unapoliamsha gari kwa waya kutoka gari jingine, ule waya wa mwisho wa hasi ubane kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri, ili cheche isirukie pale penye gesi. Na wewe mwenye betri ya sola chumbani, uihamishie mahali penye hewa, ambapo watoto hawafiki.

Tindikali ikikurukia machoni, maji. Maji safi, mengi, palepale, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kwa dakika zisizopungua 20, kisha hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usisugue, na usitie magadi machoni, wala maziwa. Ngozi nayo ni maji, na nguo iliyolowa ivuliwe mara moja. Dakika ya kwanza ndiyo inayoamua kama jicho litaona tena. Nani ataanza kutafuta ndoo wakati huo?

Nimebakiza jambo moja, na kwangu ni zito kuliko gari lolote. Ule unga una risasi. Risasi ikiingia mwilini haina kazi hata moja ya manufaa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inaharibu ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Fundi anayeugonga unga, akaupulizia mbali kwa mdomo, kisha akamega chapati kwa mkono uleule, anaula. Akirudi nyumbani na ovaroli lake na kumpakata mwanawe, anampelekea.

Mombasa wanalijua hili kwa machungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Phyllis Omido aliajiriwa hapo, na mtoto wake mchanga akapatikana na sumu ya risasi. Alipoacha kazi hakunyamaza. Alikusanya majirani, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa ilitoa hukumu ya fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa wakazi. Kule Senegal, katika eneo la Thiaroye-sur-Mer nje kidogo ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye betri chakavu zilizovunjwa mtaani.

Betri hizo zilikuwa kama ya kwako na ya kwangu. Kwa hiyo betri ikifa, usimuuzie kijana wa chuma chakavu atakayeigeuza kichwa chini na kumwaga tindikali mtaroni ili abebe risasi tupu. Irudishe nzima, na maji yake ndani, dukani unaponunua mpya. Maduka mengi huipokea na kukupunguzia bei. Unga uliousafisha ufute ukiwa umelowa, vitambaa vyake vifungie kwenye mfuko, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto.

Na ninyi wenye gereji, mkubwa kwa mdogo, ninawaomba mambo mawili kabla wiki hii haijaisha. Wekeni jozi za glavu na miwani pale penye betri, na kando yake ndoo ya maji safi yenye mfuniko na kata, ibadilishwe kila asubuhi, isitumiwe kwa kazi nyingine yoyote. Kijana anayejifunza kazi kwenu aoneshwe ndoo hiyo siku ya kwanza, kabla hajaoneshwa spana.